Kiazi Kisicho na Jicho

Wacha niseme mapema kabla sijaanza kujipendelea: nilimpa jirani yangu kiazi cha maua ya dalia kisicho na jicho, na nilijua hakina. Sikukosea. Mtu aliyetunza bustani ya meneja wa shamba la chai miaka ishirini na tisa hakosei kitu kama hicho.

Kama hujawahi kupanda dalia, elewa hivi. Chini ya udongo shina lake lina viazi vilivyoshikana kama vidole. Ukitaka kugawa, unakata kila kiazi pamoja na kipande cha shingo, pale kinaposhikana na shina, kwa sababu jicho linakaa shingoni. Kiazi kikikatika bila shingo kitakaa udongoni kinene, kizima, kizuri, na hakitatoa hata jani mpaka kioze. Unaweza kukimwagilia maji, ukaomba, ukafunga. Hakuna.

Nilipostaafu nilitoka nyumba ya kampuni na godoro, jembe, na gunia dogo la viazi vya dalia fupi, zile zisizopita goti. Meneja wa mwisho alitaka nyasi tupu. Akaniamuru nizing'oe, nizitupe. Nikazing'oa. Kutupa, akatupe yeye! Nilikuwa nimenunua ekari moja hapa karibu na Boito, kwa Wakipsigis, mimi mtu wa kutoka upande wa Kisii, nikazipanda safu mbili kando ya kijia, kutoka getini hadi mlangoni. Zilizobaki nikazitia kwenye ndoo za rangi, mitungi iliyokatwa, na karai moja kuukuu. Chombo chochote kinafaa, bora kiwe na mashimo chini. Mvua ya huku haina adabu. Ndoo isiyo na shimo inageuka dimbwi, na dalia haivumilii miguu yake kukaa majini.

Wanaume wenzangu walinicheka. "Mzee, hii maua inakamuliwa?" Nikawajibu kwamba mke wangu anayapenda. Ilikuwa kweli, ila mke wangu hakuwepo kuyaona. Alienda Nairobi kumsaidia mwana wetu kulea mtoto, wiki mbili tu, akabeba nguo za mfuko mmoja. Huu ni mwaka wa nne. Hatujagombana. Akipiga simu husema, "Huyu mtoto akianza shule nitakuja," na sasa wamepata wa pili. Nitamlaumu mtoto? Lakini nyumba ya mtu mmoja ina kelele zake: saa ya ukutani, mabati, kikohozi chako mwenyewe. Kuna siku nilitamka neno la kwanza saa kumi jioni, na nililitamka kwa kuku. Nilikuwa mpweke, basi. Nimelisema.

Ndiyo maana Jumamosi ilikuwa siku kubwa. Jirani yangu, mjane Mkipsigis wa rika langu, alikaa upande wa pili wa shamba langu la chai, hatua mia mbili hivi. Yeye ndiye aliyepamba madhabahu kanisani, na maua alichukua kwangu. Nilimwita Mama Kanisa. Yeye akaniita Mzee Maua. Saa nne kamili geti lililia.

"Chamgei, Mzee Maua."

"Chamgei mising, Mama Kanisa."

Nilikuwa nimeshakata maua tangu alfajiri, nimeyaweka kwenye jagi la maji. Nilinyoa ndevu Jumamosi, si Jumapili. Tulisimama pale getini dakika kumi, tukaongea habari ya magoti yake, ng'ombe wake, mawingu. Halafu akaenda. Chai sikumpa hata siku moja. Huku kwetu hata anayekuja kugombana nawe hunywa chai kwanza, lakini mimi nilijiambia mke wangu hayuko na watu wana midomo. Sijui nilikuwa nalinda jina la nani.

Siku moja akasema, "Mzee, si unipe moja na mimi nipande kwa beseni? Nisikusumbue kila wiki."

Nisikusumbue! Moyo ulinishuka hadi kwenye gambuti. Nikaenda nyuma ya nyumba na jembe, nikafukua shina zima, nikakata kiazi chenye shingo nzuri na jicho limeanza kuvimba. Nikakishika. Nikawaza Jumamosi bila geti kulia. Nikakirudisha udongoni, nikaokota kingine kilichokatikia katikati, kinono, laini kama yai, nikampelekea.

"Sisemi asante," akaniambia akikifunga kwa leso. "Wanasema mmea ukishukuriwa haushiki."

"Usiseme," nikajibu, nikijifanya naangalia viatu vyangu.

Jumamosi iliyofuata nikamuuliza, "Imetoka?"

"Bado."

"Punguza maji."

Wiki nyingine, bado. Sogeza juani. Bado. Ni baridi hii, Mama Kanisa, ngoja kidogo. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ilienda miezi mitano. Kila aliposema "bado" nilifurahi, halafu akishafunga geti nilijichukia mpaka saa ya chakula. Nilimwona akilini akiinama na magoti yale, akimwagilia maji kitu nilichokikata kwa mkono wangu ili kisiote. Nikala kiapo kwamba Jumamosi ijayo nitampa kizuri. Jumamosi ikaja, nikampa maua na mdomo.

Halafu ikaja mvua ya mawe. Alhamisi alasiri mbingu iligeuka rangi ya sufuria, nikajua. Nilikimbia na zile ndoo moja moja hadi upenuni, kumi na moja na karai, jiwe likanipasua sikio. Safu za kijiani sikuweza kuziokoa. Zilipigwa mpaka zikawa uji, na chai yote ya bonde ikabaki vijiti. Watu walikuwa wanashika vichwa. Mimi, mjinga, nilisimama na damu shingoni nikihesabu maua yaliyopona kwenye ndoo. Mama Kanisa atapata ya Jumapili, nikasema kwa sauti.

Jumamosi saa nne geti halikulia. Saa tano. Saa sita. Maua yakachoka kwenye jagi. Jumamosi ya pili, kimya. Nikajiambia ameshagundua, na ana haki. Nikajiambia ni mgonjwa. Nikajiambia Mungu amenilipa kwa mizani yangu mwenyewe. Jumamosi ya tatu sikungoja. Nilifukua shina zuri kuliko yote, nikakata kiazi chenye macho matatu, mekundu, yamevimba kama vipele, nikakitia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia wenye udongo na samadi, nikatoboa chini kwa msumari. Nikazipiga zile hatua mia mbili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Zizi lilikuwa tupu. Mlangoni magunia mawili yamefungwa. Kando ya ngazi nikaliona lile beseni, nalo limejaa dania ya mchuzi, imestawi, imekatwa na kuota tena mara nyingi.

"Ala! Mzee Maua," akasema akitoka. "Leo geti limelia kwangu."

"Mbona hukuja?"

"Nilipita barabarani nikaona mawe imemaliza maua yako yote. Nikasema nitakuja kufanya nini?"

Nikamwambia nimeokoa ndoo zote. Nikamwambia na lile la pili, palepale, kabla halijarudi tumboni. "Mama, kile kiazi nilikupa hakina jicho. Nilijua. Nilikukatia hivyo kusudi."

Hakushtuka. Alikunja uso kama mtu anayezuia kicheko. "Mimi nimepanda viazi tangu msichana. Kiazi bila jicho ni ya kupika. Nilikigeuza pande zote siku hiyo hiyo. Nusura nikichemshe!"

"Na hukusema? Miezi mitano unaniambia bado?"

"Ningesema, ungenipa ingine. Ingemea." Akatazama beseni lake. "Halafu?"

 Akaniambia magoti yamekataa kukamua, ng'ombe wameuzwa, na binti yake anamchukua kesho kutwa aende kukaa naye Eldoret, ghorofa ya tatu. Akasema hivyo kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Halafu akaingia ndani, akatoka na chai ya maziwa kwenye vikombe viwili, akaweka viti viwili pale nje, watu wote waone. Barabarani wakapita wawili watatu. Wakatusalimu, wakaenda zao. Basi! Hiyo ndiyo midomo ya watu niliyoiogopa miaka mitatu.

Nilikunywa vikombe vitatu. Ilikuwa chai nzuri na niliona uchungu kwa kila Jumamosi niliyomsimamisha getini kama mchuuzi. Nikampa ule mkebe. Dalia hii ni fupi, nikamweleza, haihitaji shamba, hata ghorofani itakaa bora ipate jua. Ikifika kiganja, kata ncha ifanye matawi. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Safari hii pia hakusema asante. Aliondoka Jumatatu, mkebe mapajani, nami nikabaki na beseni la dania.

Sasa maua ya kanisa nayapeleka mwenyewe, nayapanga vibaya. Mke wangu anasema mtoto wa pili akianza shule. Safu za kijiani zimechipuka tena, dalia haina kinyongo. Jumamosi nanyoa ndevu, na saa nne kamili nampigia simu Mama Kanisa.

Kiazi chenye macho matatu, kwenye jua la Eldoret, wiki tatu ni nyingi kuchipuka. Jumamosi iliyopita ilikuwa ya kumi na sita. Nikamuuliza, "Imetoka?" Nyuma yake nikamsikia binti yake akiita, "Mama, hii maua yako nyekundu imefungua ingine!" Nikasikia mkono ukifunika simu, maneno ya Kikipsigis ya haraka, na mlango ukifungwa.

"Bado, Mzee Maua," akasema.

"Punguza maji," nikamwambia. "Nitauliza Jumamosi."