Mikunjo Mipya ya Sari

Kuna siku moja ya miaka ya sabini, pale Busia mjini, hunijia kila nikishika hariri, mwanangu.

Wazazi wetu walikuwa wamefariki. Mimi kifungua mimba niliacha shule, nikawaacha wadogo zangu kwa shangazi kule Butula, nikaenda kufanya kazi kwa Mama Shanta, mjane wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Nyumba ile ilikuwa kimya. Yeye alikula sebuleni, mimi jikoni.

Yeye ndiye aliyenifundisha kutunza sari. Kila baada ya miezi michache tulizitoa sandukuni, tukazianika kivulini zisipauke, kisha tukazikunja kwa mikunjo mipya, yeye upande huu, mimi ule. Moja tu, ya kijani yenye nyuzi za dhahabu, hakutaka iguswe. Dada yake ndiye aliyeikunja, mwaka ule Wahindi walipofukuzwa Uganda, alipopitia kwetu akielekea Uingereza. Huko alifariki.

Siku hiyo niliona uzi umeanza kuachia kwenye mkunjo.

"Mama, hii inakatika."

"Wacha! Mkono ya dada yangu iko hapo."

"Mama yangu aliacha gauni moja. Nililificha, panya wakaanza kulitafuna. Sasa mdogo wangu analivaa kanisani."

Alinitazama sana. "Wewe msichana, unahubiri kama padri. Haya, shika huko. Osha mikono kwanza, inanuka vitunguu."

Tukaikunjua. Ilikuwa imechanika mahali pamoja tu, kwingine nzima. Akaivaa, akashinda nayo sebuleni mchana kutwa, akizungumza Kigujarati, na hapakuwa na mgeni. Jioni tukaikunja upya. Alilia.

Basi, mwanangu, hariri kama hii aliyoniachia Mama Shanta usiifungie kwenye nailoni. Ifunge kwa kitambaa cha pamba, ipate hewa. Usiipulizie manukato, yanaharibu zile nyuzi za dhahabu. Ivae. Ibadilishe mikunjo, hata kama aliyeikunja hutamwona tena, maana ukiiacha hivyo kwa kumpenda, itakatika palepale alipoishika. Na ukikosa wa kukusaidia, kama mimi nilivyokosa miaka hii yote, tandika shuka safi kitandani uikunje hapo polepole. Inawezekana.

Lakini wewe, Mungu asikuzoeshe kukunja peke yako. Akupe umri, akupe nguo za kurithisha, na akupe mtu wa kushika upande wa pili.