Sukari Iliyomfunga Shangazi Mdomo

Usiku ule nililala kwenye mkeka, chini ya kitanda cha mwanangu wodini, nina hasira mpaka meno yananiuma. Nasra wangu, miezi minane, alikuwa siku ya tatu na dripu. Maziwa ya kopo ndiyo yaliyomfikisha pale. Nilikuwa nimebandua stika ya tarehe kwenye kopo, chini yake nikakuta tarehe nyingine, imeshapita zamani. Jioni mwenye duka tulikolinunua, Mzee Salum, akaja kumtazama mgonjwa. Kaleta matunda, kaleta kanga, kaleta na kopo jipya. Akamwambia mume wangu, "Lile la zamani nipeni nikalitupe. Tuyamalize kindugu." Mume wangu akakubali kumpa asubuhi.

Usingizi uliponipitia, nikamwona Shangazi Mwanaidi. Alifariki mwaka jana. Maisha yake yote ya kazi alikuwa redioni, kwenye kipindi cha malalamiko ya wanunuzi, na mizani ndogo haikutoka mkobani mwake. Akiingia buchani, wauza nyama walikuwa wakinong'onezana, "Pima vizuri, redio hiyo!"

Tuko studio. Amevaa hedifoni zake. Namwekea kopo mezani, namwambia, "Shangazi, mtaje! Mtaje sasa hivi!"

Taa nyekundu inawaka. Anafungua mdomo. Inatoka sukari.

Inamwagika mezani, inamwagika sakafuni, na sakafu sasa ni ua wa kwetu, siku ya matanga ya bibi. Wanawake wamekaa mikekani. Magunia ya sukari yanaingia, na nyuma yake yule mfanyabiashara wa jumla ambaye mji mzima ulijua magunia yake ni pungufu, na Shangazi hakumtangaza hata siku moja. Hatukuwahi kujua kwa nini.

"Nilikuwa nimeshampima," Shangazi ananiambia. "Kesho yake nimtangaze. Mama akafa, naye akaleta sukari. Cha msiba hakikataliwi, nikapokea. Basi nikaona haya kumtaja mtu aliyenisitiri. Akaendelea kuwapunja watu, nami namtazama."

"Sasa ulitaka umfukuze msibani?" nikamjibu. Hata ndotoni mdomo wangu haunyamazi.

Akacheka. "Mkali kama bibi yako! Nisingemfukuza, mwanangu. Ningepokea sukari, na ningemtangaza. Mimi nilidhani nikipokea sukari, mdomo nimeuuza."

Ua umekuwa wodi. Vitanda vinaongezeka, havina mwisho, na kila kitanda kina mtoto, na kila mama ameshika kopo kama langu. Shangazi anashika mguu wa Nasra. Namvuta mwanangu asimchukue. Lakini anauachia, ananigeukia.

"Pole ipokee. Kopo usilitoe."

Nikashtuka, jasho tupu. Kumekucha. Nasra anahema. Mume wangu amesimama, kopo la zamani liko kwenye mfuko mkononi mwake.

"Mama Nasra, mzee yuko nje ananisubiri."

Nikamnyang'anya ule mfuko. "Mwambie ahsante kwa matunda. Nitayala, tena mbele yake. Kopo linakwenda kwa bwana afya."

"Utatugombanisha na mtaa mzima wewe!"

"Mtaa mzima," nikamwambia, "unanunua maziwa pale pale."