Chupa Niliyokuwa Nikiiongeza

Siku ya kwanza kazini, katika maabara ya hospitali moja hapa Dodoma, nilisimama nje mpaka mkuu wa maabara akanikuta. "Kijana, mlango haujafungwa," alisema. Nilikuwa mwenye haya, wa darasa la saba, naandika polepole. Akanipa kazi ya kuandika majina kwenye mirija. "Anayeandika polepole hakosei jina la mgonjwa."

Tulipima sana bruselosisi, homa ambayo wafugaji huipata kwenye maziwa mabichi. Unachanganya tone la seramu, yaani maji ya juu ya damu iliyoganda, na tone la dawa. Vikitokea vipunje, ugonjwa upo. Pembeni unaweka seramu ya kulinganishia, ili jicho lijue vipunje vya kweli vinafananaje.

Yetu ilikuwa chupa moja. Ikipungua, niliiongezea seramu ya mgonjwa mwingine tuliyemwona ana vipunje, kama mtu anavyobakiza mtindi kwenye kibuyu ili ugandishe mwingine. Hakuna aliyenikataza, nami sikuuliza.

Kisha Mzee Chilongani, mfugaji wa Hombolo, akaanzishiwa kwa majibu yetu sindano ambazo huweza kudhuru masikio. Siku ya nane masikio yakaanza kumvuma. Maabara nyingine ikasema hana bruselosisi. Mkuu akaagiza seramu rejea: kichupa ambacho nguvu yake imepimwa na kuandikwa, ili kila maabara ijipime kwacho. Tukaipima sambamba na ya kwetu. Vipunje vya rejea vilionekana kama mchanga. Vya kwetu vilikuwa kivuli tu, na macho yetu yalishazoea kukiita kivuli ugonjwa.

"Hii chupa inaongezwa na nani?"

"Mimi, mkuu."

"Kwa kipimo gani?"

"Kwa iliyobaki."

"Dalali wa sokoni Kibaigwa akija na debe alilojitengenezea, utampa mahindi yako?"

"Hapana."

"Basi mzee tumempimia kwa debe hilo, na sahihi ni yangu. Twende wodini."

Nilijua atanitaja. Alisimama kando ya kitanda. "Shikamoo, mzee. Majibu tuliyokupa si sahihi. Kosa ni la maabara yangu. Sindano zinaishia leo."

Mzee akageuza kichwa. "Rudia. Sikio hili la kulia ndilo linalosikia."

Mkuu akarudia neno kwa neno, wodi nzima ikasikia. Mzee akanitazama. "Na huyu?"

"Huyu ndiye atakayetunza kipimo kuanzia leo."

Homa ya mzee ilitafutiwa chanzo kingine, akapona, ingawa sikio la kushoto halikurudi sawasawa. Mimi sasa nimestaafu, naishi Makole. Namshukuru mkuu yule kila siku. Kipimo nilikitunza mpaka nilipomkabidhi mwenzangu, na sikuwahi tena kuona haya kuuliza.