Sauti ya Madame Verna

Nyumba ya Madame Verna ilinukia nta ya mbao, kahawa, na paka aliyekwisha kufa zamani. Nikikutana na harufu hiyo leo, hata kwenye ngazi za watu nisiowajua, narudi Uccle, mtaa wa matajiri huko Ulaya, miaka ya tisini, Jumatano mchana, shule imefungwa na mama amenishika mkono tukishuka kwenye tramu. Sisi tulikaa mtaa wa Saint-Gilles, ghorofa ya juu kabisa, ambako kulinukia sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa, na samaki mkavu. Mama alitoka Bukavu, na kazi yake ilikuwa kumtunza huyo bibi wa Kimarekani: kumwogesha, kumpikia, kumtembeza bustanini. Mimi nilikaa kwenye zulia na madaftari yangu nikijifanya nasoma, kumbe masikio yote yako kwao.

Maana Madame Verna aliwahi kuwa nyota wa sinema. Studio ilimtoa kwenye duka la kofia akiwa binti, ikambadilisha jina, nywele na hata meno, kisha ikamliza katika filamu baada ya filamu, kila mara akimlilia mwanamume anayeondoka. Makunyanzi ya kwanza yalipoonekana ikamwacha. Akaja Ulaya kutafuta kazi, akapata mume Mbelgiji, mume akafa, akabaki. Hayo aliyasimulia bila kujihurumia. Kilichomuuma kilikuwa kimoja tu: huku walimjua kwa sauti ya mwanamke mwingine, kwa kuwa filamu zake zilitiwa maneno ya Kifaransa. Kwenye duka la mikate walimsifu kwa sauti yake tamu ya zamani, kisha alipofungua kinywa na Kifaransa chake cha kukwaruza, wakatazamana na kucheka. Asiyekuwapo na lake halipo, husema wahenga. Lakini yeye alikuwapo, na lake bado halikuwapo.

Majira ya baridi yale, ukumbi mdogo wa sinema wa mtaani ukamwalika. Wangeonyesha filamu yake maarufu kuliko zote naye akiwa mgeni wa heshima. Akauliza itaonyeshwa kwa lugha gani. Mwenye ukumbi akajibu kwamba nakala waliyoipata ni ya Kifaransa. Madame akamwambia kwenye simu kwamba pasipo sauti yake, yeye mwenyewe wasimtarajie, akakata. Alitaka kusikika mara moja tu kabla hajafa. Mama, aliyekuwa akikunja mashuka, akaanza kumsimulia kwamba filamu hiyohiyo aliiona utotoni Bukavu, kwenye shuka lililotundikwa ukutani parokiani. Katekista alisimama kando akiifasiri kwa Kiswahili, akisema maneno ya wote, mabwana kwa mabibi, hata mama akakua akiamini kwamba wanawake wa Amerika wana sauti nzito kama ngoma. Na pale bwana alipombusu bibi, katekista aliwaeleza watu kwamba wanapatana siku ya ndoa. Madame alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza kama watu walisadiki. Mama akasema walisadiki wote, kwani nani angembishia katekista?

Jambo likiwa zito, mama aliweka Kifaransa kando. Akanigeukia mimi, akiniita maman, yaani mama, kama alivyozoea.

“Basi, maman, iko rahisi. Bafunge ile sauti ya ule mwanamuke, na yeye mwenyewe aseme pale mbele ya batu. Nguo ya kuazima haisitiri matako.”

Nikamfasiria Madame yote, isipokuwa matako.

Madame akampigia tena mwenye ukumbi, naye hakupenda. Watu, alisema, wanalipa kuona filamu, si kumsikiliza kizee akikohoa. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na Madame alikuwa ameshavua. Alishikilia neno lake mpaka yule bwana akachoka. Kila tulipofika tulimkuta mbele ya televisheni, kaseti ikizunguka kimya, akiikimbiza kwa sauti midomo yake mwenyewe ya ujana. Pumzi ilimkatika. Mama akimwambia apumzike, alijibu neno moja, “Encore,” yaani tena, na kaseti ikarudishwa nyuma. Niliyakariri maneno ya Kiingereza nisiyoyaelewa. Niliogopa, nasema wazi, kwamba angekufa kabla ya siku yenyewe.

Siku ikafika, Jumapili alasiri. Alikaa kando ya pazia la sinema na kipaza sauti na taa ndogo. Mwanzoni sauti yake ilichelewa nyuma ya midomo, na mtu nyuma yetu akacheka. Mama akaubana mkono wangu hadi ukauma. Kisha Madame akaifikia midomo ile, na kicheko kikakoma. Mwishoni kabisa kuna mlango: yule binti anamng'ang'ania bwana koti, anamsihi asiondoke. Madame alikuwa ametuambia kwamba enzi hizo aligombana na mwongozaji, akisema mwanamke huyu hawezi kusihi, akaamriwa afanye alivyoagizwa. Midomo ikasihi. Madame akaiacha isihi bila sauti. Kisha akasema taratibu, kwa Kiingereza na tena kwa Kifaransa ili wote waelewe: “Nenda. Mlango huu ni wangu.” Ukumbi mzima ukasimama.

Mama akanong'ona, “Eh, huyu ni katekista kabisa.”

Madame alifariki kabla sijamaliza shule ya msingi. Siku hizi filamu ile iko kwenye simu yangu, unachagua lugha uitakayo kwa kidole, na sauti yake ya usichana imo, safi kuliko ilivyokuwa. Tuna kila kitu ambacho yeye alikosa. Sauti ya alasiri ile tu ndiyo haimo, na inaniuma. Kwa hiyo nikiitazama na binti yangu, tukifika mlangoni nazima sauti. Bibi yake, yaani mama, ambaye sasa ndiye anayeogeshwa na kulishwa, hujiinua kwenye kiti, hungoja midomo ile ianze kusihi, na husema kwa Kiswahili cha Bukavu: “Enda. Mulango ni yangu.”