Mistari Chini ya Usukani

Fundi Kioo alikuwa hajawahi kuambiwa kwamba kazi yake ni mbaya. Mtaa mzima ulimpa jina hilo kwa sababu chuma kikiingia kibandani kwake kimeoza, kinatoka unaweza kujitazamia ukinyoa ndevu. Analijua hilo, na kulijua kumemvimbisha kichwa. Mpelekee pedeli moja, atakusafishia na mnyororo bila kuombwa, kisha akusimange kwa uchafu wako.

Mama yake mdogo alipomletea baiskeli ya marehemu mumewe hakuwa na maneno mengi. "Nitolee kutu, mwanangu. Nataka kuiweka sebuleni."

"Kutu hii, mama? Hapa ukipanda maharage yataota!"

Akaifungua yote. Nati na pedeli zililala kwenye ndoo ya siki siku mbili, zikasuguliwa kwa waya wa masufuria, zikaanikwa juani, zikapakwa mafuta. Usukani ndio uliomchokoza. Kutu ilipobanduka, chini yake, karibu na mshikio wa kushoto, alikuta mistari mitano iliyokatwa kwa tupa, imepinda, hata hailingani. Akamlaani mjinga aliyeharibu chuma kizuri namna ile. Akatwaa tupa yake mwenyewe, akasawazisha, akapiga msasa mpaka kidole kikawa kinateleza.

Mama mdogo alipokuja kuichukua, ringi zinazong'aa hakuzitazama. Alipeleka mkono moja kwa moja chini ya usukani. Mkono ukaenda, ukarudi, ukaenda tena.

"Iko wapi?"

"Nini, mama?"

"Mistari."

"Ile mikwaruzo? Mbona... nimeitoa. Nilidhani mtu kaharibu."

Mama mdogo aliketi kwenye benchi ghafla. "Baba yako mdogo alikata mmoja kila nilipojifungua."

Kioo akawahesabu kichwani ndugu zake, watoto wa mama mdogo. Wanne. Akahesabu tena, wanne vilevile.

"Lakini mama, mistari ilikuwa mitano."

"Wa tatu aliishi siku moja. Jina hatukuwahi kumpa, picha hakupigwa. Baba yako mdogo alirudi kutoka hospitali, akachukua tupa kabla hata hajalia."

Miaka yote ile ya kula na kulala nyumbani kwao, Kioo hajawahi kusikia habari ya mtoto huyo, na sasa amemfuta kwa mikono yake, tena huku akipiga mluzi. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nitaikata upya! Sasa hivi, mama, yote mitano!" Alinyakua tupa, akauinamia usukani. Chuma kilikuwa laini kote. Hakujua hata aanzie wapi.

Mama mdogo akamshika kiganja, akaitoa tupa taratibu.

"Acha, mwanangu. Wale wanne wapo, nawaona. Huyo mmoja ndiye asiyekuwa na mahali pengine."