Senti Kumi Isiyo na Tundu

Guka, babake mama yangu, alifukuzwa kwenye shamba la mahindi upande wa Moi's Bridge kwa sababu ya senti kumi. Ilikuwa enzi za mkoloni. Senti za siku hizo zilikuwa na tundu katikati, watu wakizitunga kwenye kamba. Yake haikuwa na tundu. Alikuwa amelipwa nayo mshahara, lakini alipoipeleka kwenye duka la shamba kununua chumvi, Mzungu mwenye shamba aliigeuza mara mbili akasema imetengenezwa jikoni. Guka alichapwa viboko mbele ya mkewe. Vyombo vyao vikatupwa nje. Sarafu yenyewe alirushiwa usoni, naye akainama akaiokota.

Nimekua nikisikia habari hii ikichekwa. Mjomba, kifungua mimba wa guka, ndiye aliyeipenda zaidi. Kila tulipokutana kwake Kimumu, nyama ikiwa bado motoni, angesema, "Sisi tungekuwa matajiri, shida mzee alisahau kutoboa!" Watu wanaangua kicheko. Mama hakucheka hata siku moja. Alikuwa anainuka kwenda kuangalia chai ambayo haikuwa na haja ya kuangaliwa.

Mimi natengeneza simu mjini, na kwenye kibanda changu kuna darubini ya kukagulia saketi. Mama alipohamia kwangu Langas mwaka jana, alifungua kitambaa akaniwekea ile sarafu mezani.

"Wewe unaona vitu vidogo," akasema. "Niambie kama baba yangu alikuwa mwongo."

"Na nikikuta aliziba tundu?"

"Uniambie vilevile."

Nilitafuta kwa wauza vitu vya zamani senti kumi nyingine za miaka hiyo, zenye tundu, nikaziweka kando ya yake. Kwa siku kadhaa nilikuwa naiinua na kuirudisha chini. Niliogopa. Solda, ile risasi ya kuungia nyaya, naijua, naishika kila siku. Mtu akiziba tundu kwa risasi, mshono hauwezi kunipita.

Nikatazama. Pembe mbili za ndovu zinazochorwa kwenye senti hizo zilikuwa mahali pake. Katikati kulikuwa na kile kimduara kilichoinuka ambacho huzunguka tundu kwenye senti zote, lakini ndani yake shaba ilikuwa imejaa, rangi ileile, mikwaruzo ikipita juu yake bila kukatika. Nikageuza upande wa pili. Hakuna mshono. Kwa sonara, mizani ilionyesha imezidi wenzake kidogo sana, uzito wa kile kipande kidogo ambacho mashine haikuking'oa. Huko Ulaya zilikochapwa, kipande cha shaba kilipita bila kutobolewa, kikapigwa mhuri, kikapakiwa melini pamoja na vingine. Kosa lilikuwa lao. Viboko vikawa vya guka.

Nilipomwambia Mama, aliifunga sarafu tena kwenye kitambaa chake. Kisha akasema, "Twende kwa ndugu yangu."

Kabla hatujaenda, mnunuzi mmoja wa sarafu alisikia habari akaja kutoka Nairobi. Aliikagua, akakubaliana na nilichoona, akataja bei iliyonifanya nifikirie bati jipya la nyumba.

"Haiuzwi," Mama akasema.

"Mama, hata hujafikiria."

"Nimefikiria tangu nikiwa msichana."

Kimumu, watu walikuwa wamejaa uani. Mjomba aliponiona na darubini akaanza, "Ee, fundi wa pesa mwingine huyu!" Sikumngoja amalize. Nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka getini kwamba guka hakutengeneza chochote, kwamba alipigwa kwa kosa la kiwanda cha mkoloni, na asiyeamini aje aweke jicho hapa.

"Wewe msichana, unanifokea kwangu?"

"Ndiyo, mjomba. Leo nakufokea."

Mjomba alikuja. Aliinama juu ya lenzi muda mrefu, mkono ukishika kiuno. Alipoinuka hakunitazama mimi, alimtazama Mama.

"Shuleni waliniita mtoto wa mwizi," akasema. "Nikaona afadhali nicheke mimi kwanza. Sasa nimekuwa nikicheka nini miaka hii yote?"

Mama alimsogezea sahani. "Ulikuwa unamcheka baba," akasema. "Keti ule."

Akaketi.