Nilivyowaita Wakwe Adui

Mama yangu akilisimulia jambo hili hucheka mpaka akalia, nami huinuka nikajifanya natafuta maji ya kunywa, kwa hivyo leo nalisema mwenyewe nipate kupumua.

Nilikuwa nimetoka kozi ya masajenti, niko likizo nyumbani Tezo (usajenti nimeupata nina arobaini na kitu, wenzangu wengine washastaafu), na ndiyo siku watu wa Vitengeni walikuwa wanakuja kuona kwetu kabla ya kukubali mdogo wangu Kazungu amwoe binti yao Dama. Baba alishafariki, mkubwa ni mimi, na mama yake Dama alikuwa amesema wazi kwamba hamtoi mwanawe kwa watu asioujua mwenendo wao.

Sasa, kule kozi tulifundishwa kwamba kiongozi hawapeleki watu wake mahali kabla ya kuwachorea mahali penyewe mchangani. Badala ya kuwaambia tu vijana nani apokee wageni na nani abebe viti, nikafagia uwanja nikajenga boma zima: nyumba kiberiti, choo kifuniko cha soda, wageni punje za mahindi, Dama kauri niliyookota ufukweni Kuruwitu, na mama yake, nisijue nimpe nini, kifuu cha nazi.

"Kaka, kuku amemaliza wajomba," Kazungu akasema.

Nikamfukuza kuku, nikapanga wajomba wengine, nikashika fimbo. Amri za jeshi zina mpangilio wake, na ulimi wangu ulishauzoea: kwanza adui.

"Hali ya adui!" nikanguruma. "Watatokea upande wa barabara, idadi yao hatuijui, na silaha yao kubwa ni huyu," nikagonga kifuu, "huyu akilegea, wote wamelegea!"

Vijana hawakucheka. Walikuwa wanatazama nyuma yangu. Wageni walikuwa wamekatia kwenye mikorosho (upande nisioweka mlinzi!) na mbele yao amesimama mwanamke wa leso mbili, kikapu mkononi.

"Endelea, Sajenti. Silaha ndiyo mimi?"

Nikakauka mguu sawa bila kuamrishwa. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mimi ni kipi hapo?"

Nikaonyesha kifuu. Mjomba mmoja akasema warudi Vitengeni, hapa si pa kuleta mtoto wa mtu, na Kazungu akashika kichwa. Lakini mama yule akachutama.

"Na mwanangu?"

"Kauri, mama. Humo nyumbani."

"Mbona mimi umeniweka kule chooni?"

"Ndiko kwenye kivuli, mama." (Nilijibu hivyo kweli, Mungu anisamehe.)

Akacheka mpaka leso ikamwanguka, akasogeza kifuu karibu na kauri. Kisha akatafuta tena kwa macho.

"Na wewe uko wapi?"

Nikatazama. Nimeweka kila mtu, mpaka mbuzi, mimi simo. Miaka yote ya kuhama kambi hii na ile, usiku nikilala nauota uwanja huu, halafu naujenga najisahau.

"Mimi huwa safarini, mama," nikasema, na sauti haikuwa ya sajenti tena.

Akaokota kijiwe, akakiweka mlangoni. "Kaa hapo. Nikija kumwona binti yangu, nani atanipokea?"

Mjomba akakohoa, akauliza viti viko wapi.

Mambo ya nyumbani sasa nayapanga kwa mdomo, polepole, na adui simtaji. Kijiwe alichokiokota mama yake Dama kiko dirishani, Dama hukipangusa vumbi. Na kila likizo nikifika, mama mkwe wa Kazungu akiwapo, husikia viatu vyangu akaita ndani, "Adui amefika, mpeni chakula!"